Mizani Mpya na Jasho la Mkulima

Mada kwa viongozi wa walei wa parokia za Nachingwea na Ruangwa



Nimeombwa nizungumzie mashine zinazoingia katika maghala yetu ya korosho na ufuta. Wengine watauliza: padre na ghala, wapi na wapi? Jibu ni fupi. Ada ya mtoto, dawa ya mgonjwa, bati la nyumba, hata zaka ya parokia, vyote katika wilaya zetu hupita kwanza juu ya mizani ya chama cha msingi. Palipo na mizani pana haki au pana dhuluma. Kanisa haliwezi kupapita kimya.

1. Mashine si mgeni kwetu

Wazee wa Nachingwea hawakuanza jana kuona mitambo. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Matrekta yaliletwa, misitu ikafyekwa, bandari ikajengwa Mtwara, na reli ikaunganisha Nachingwea na pwani. Mabwana wa mpango walijua mengi kuhusu injini, lakini kuhusu udongo na mvua za nchi hii walijua machache. Mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya hasara kubwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo iling'olewa.

Baada ya uhuru vikaja viwanda vikubwa vya kubangua korosho. Kwa mikopo ya nje taifa lilijenga viwanda 12, lakini vingi vilisimama muda mfupi baadaye, na baadhi ya majengo yake yakageuzwa kuwa maghala. Palipotarajiwa kusikika mashine zikibangua, korosho ghafi zikalazwa zikingoja meli.

Sisemi haya ili tuichukie mitambo. Nasema ili tukumbuke kwamba mtambo haufuti swali la nani ameulizwa, nani atafaidi, na nani atabaki na deni.

2. Ghala la siku hizi

Mnajua safari ya gunia. Mkulima hupeleka korosho katika chama chake cha msingi. Hupimwa uzito, huangaliwa ubora na unyevu, kisha hupelekwa ghala kuu. Kwa mujibu wa Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, stakabadhi inayotolewa ni ushahidi wa mali iliyomo ghalani. Mfumo huu ulianza kutumika katika korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, kisha ukaenea. Kwetu unasimamiwa kupitia Chama Kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake hutukumbusha wilaya tatu: Ruangwa, Nachingwea na Liwale.

Kwa miaka mingi kazi hii ilitegemea mkono na daftari. Karani alisoma mshale wa mizani, akaandika kwa kalamu. Siku ya mnada, zabuni za wanunuzi zilifunguliwa na kusomwa mbele ya wakulima. Sasa mambo yanabadilika. Mizani ya kidijitali inayotoa risiti imeanza kuingizwa katika vyama vya msingi. Wakulima wameandikishwa katika kanzidata. Tangu mwaka 2024 minada ya mikoa ya kusini imeingia katika mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX: mnunuzi aweza kuwa mbali, bei huonekana kwenye skrini, na wakulima waliokusanyika huikubali au huikataa. Malipo huingia benki, na ujumbe hufika katika simu.

Katika nchi tajiri mabadiliko yamekwenda mbali zaidi. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilinunua mwaka 2012 kampuni iliyotengeneza roboti za maghala, na mwaka 2025 ilitangaza kwamba roboti zake zimefikia milioni 1. Kwetu roboti haijafika. Lakini swali limekwisha kufika: mashine hii inamtumikia nani?

3. Uzito wa kweli, jina la uongo

Tuanze kwa kushukuru panapostahili shukrani. Tuseme gunia moja linapunjwa kilo 2, na mkulima ana magunia 20. Hizo ni kilo 40. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, amepoteza shilingi 120,000 kabla ya makato yoyote. Mizani inayojiandikia yenyewe humzuia karani mwenye tamaa, na pia humlinda karani mwaminifu asisingiziwe. Kitabu cha Mithali na nabii Amosi wanatufundisha kwamba mizani ya hila ni chukizo kwa Mungu. Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wanachama wenzetu katika vyama hivi, wanayo katika Kurani sura nzima yenye jina la wapunjao vipimo. Hapa hatuna sababu ya kutofautiana.

Hata hivyo mashine hupima gunia, haipimi jasho. Fikirini kangomba. Mwezi wa njaa, kabla korosho hazijaanguka, mtu hupita nyumba kwa nyumba na fedha kidogo mkononi. Mama ambaye mtoto wake anaumwa huuza korosho zikingali mtini, kwa kipimo cha bakuli na kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, korosho zile zile hupelekwa ghalani kwa jina la mtu aliyeandikishwa. Mizani husema kweli tupu, risiti ni safi, na malipo yanafika bila kasoro. Lakini aliyepalilia na kupulizia salfa hapati kitu. Dhambi haikuondoka, imehama kutoka kwenye mshale wa mizani na kuingia katika jina.

Msimu wa 2018/2019, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ulifanyika uhakiki ili kuwatenga watu wa kangomba. Nia ilikuwa kumlinda mkulima, lakini wakulima wengi walisubiri malipo yao kwa miezi. Tujifunze hapo kwamba orodha peke yake haimjui mtu. Majirani ndio wanaomjua.

Tazameni pia majumbani. Shamba limeandikishwa kwa jina la baba, anayeliokota ni mama. Baba akifariki, jina lake hubaki katika mfumo na mjane hubaki nje. Bibi asiyejua kusoma huandikisha namba ya simu ya mjukuu, na ujumbe wa fedha hufika kwa mjukuu. Hakuna mizani itakayolia kengele kwa mambo hayo. Ni dhamiri zetu ndizo zinazopaswa kulia.

4. Wale wanaobeba gunia

Ghala lina watu wake: wapakiaji, washushaji, washonaji wa magunia, makarani wa msimu. Wengi ni vijana wetu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mashine yaweza kuwa rafiki wa mfanyakazi, na yaweza pia kugeuka adui yake inapomnyang'anya kazi au kumfanya mtumwa wake. Naye Papa Leo XIV, aliyechaguliwa mwaka 2025, aliwaeleza makardinali kwamba jina lake linamkumbuka Leo XIII, aliyeandika Rerum Novarum mwaka 1891 nyakati za viwanda vya kwanza. Nyakati zetu, alisema, zina akili mnemba.

Hivyo mashine ya kuinua magunia ikifika siku moja, tusiililie migongo iliyopumzika. Mgongo wa kijana haukuumbwa uwe ngazi ya magunia. Lakini chama kinachookoa gharama kwa mashine kina wajibu wa kuuliza kijana yule atakula wapi, na kumfundisha kazi mpya kabla ya kumwaga. Mwenye shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo alitoka hata saa ya kumi na moja kuwatafuta waliokosa mwajiri.

5. Tufanye nini?

Kwanza, kila jumuiya iwe na watu wawili wanaoweza kusoma risiti: uzito, daraja, unyaufu, makato, malipo halisi. Wawasaidie wazee bila malipo na bila kuuliza dini.

Pili, tuhudhurie mikutano mikuu ya vyama vya msingi. Mtambo ukinunuliwa kwa fedha za wanachama, wanachama waulize bei yake, nani anaukagua, na umeme au mtandao ukikatika kazi itaendeleaje.

Tatu, tuanzishe akiba ya miezi ya njaa. Kangomba haishindwi kwa hotuba. Hushindwa kwa debe la mahindi lililowekwa mapema na kwa mkopo wa jirani usio na riba.

Nne, wanandoa waandikishe mashamba na akaunti kwa uwazi, wote wawili wakijua.

Tano, Mkristu anayenunua kwa kangomba asijifariji kwamba mizani ya ghala haikumwona. Arudishe alichodhulumu, kama Zakayo.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika kijiji chetu, ni nani hasa anayepata ujumbe wa malipo ya korosho, na ni nani aliyezilima?
2. Ni makato gani katika risiti yetu ambayo hatuyaelewi, na tutamwuliza nani?
3. Mwaka jana ni familia ngapi katika jumuiya yetu ziliuza kabla ya msimu, na sisi tulikuwa wapi?

Mungu awabariki, na aibariki kazi ya mikono yenu.