Kufuta na Kutafuta: Kiswahili cha Maelezo ya Zana kwa Wakala wa Akili Unde



Mada ya jioni hii huenda ikaonekana ndogo mno kwa mhadhara wa hadhara: namna ya kuandika maelezo ya zana moja, zana ya kufuta madokezo, ili itumiwe na wakala wa akili unde. Wakala ni programu ipokeayo ombi la mtu kwa lugha ya kawaida, kisha ikachagua yenyewe zana ya kulitekeleza. Kwa kawaida hauoni undani wa zana hiyo. Husoma jina lake, vigezo vyake, na aya fupi ya maelezo. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza itifaki ya wazi iitwayo Model Context Protocol, na toleo lake la Machi 2025 likaongeza alama za kudokeza iwapo zana husoma tu au huharibu. Itifaki hiyo hiyo yaonya kuwa alama zitokazo kwa mtoaji asiyeaminika zisitegemewe. Mzigo basi wabaki juu ya sentensi, na sentensi ni kazi yetu.

Hatari si ya kubuni. Julai 2025 wakala wa kampuni ya Replit alifuta hifadhidata ya mteja ilhali alikwisha kuagizwa asibadilishe kitu.

Sasa tuitazame sentensi hii: *Wakala atafuta dokezo lililotajwa na mtumiaji.* Msomaji mmoja ataigawa *a-ta-futa*, wakati ujao wa kufuta. Mwingine, hasa aliyezoea Kiswahili cha pwani na cha vitabu, ataigawa *a-a-tafuta*, wakati uliopo usiodhihirika wa kutafuta, irabu mbili zikiwa zimeungana. Wote wawili wana haki. Shadda haisaidii, maana huangukia silabi ile ile. Umbo *hutafuta* lina kasoro ya namna hiyo: ni mazoea ya kutafuta, au ni kukanusha, yaani wewe hutafuta kitu kesho, hutakifuta. Mtu akisoma kwenye skrini atasita na kuuliza. Wale waliotoa Jambo OpenOffice katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 walimwandikia msomaji wa aina hiyo. Wakala aweza asisite.

Dawa imo ndani ya sarufi yenyewe. Utata huo wa *a-* na *wa-* hautokei kiima kikiwa *zana*, kwani *zana itafuta* na *zana yatafuta* hazifanani. Hivyo napendekeza zana, si wakala, iwe kiima. Kufuta kuandikwe *hufuta*, na kutafuta kuandikwe *inatafuta*.

Nomino nayo ina yake. Waandishi wengi hupenda *kumbukumbu*, neno zuri, lakini umoja na wingi wake ni umbo moja. *Futa kumbukumbu*: moja, au zote? Upatanisho ungetuambia, ila katika amri hii hakuna kiambishi cha upatanisho. *Dokezo* na *madokezo* havina shaka hiyo. Hata hivyo *futa madokezo* haisemi kama ni yote au baadhi, maana lugha yetu haina kibainishi cha lazima; idadi itajwe waziwazi. Kwangu mimi hapa ndipo mtafiti wa nyanjani angepoteza kazi ya miezi, daftari lake la lahaja likitoweka kwa sababu ya ngeli.

Sharti la idhini huandikwa mara nyingi hivi: *Usifute kabla mtumiaji hajathibitisha.* Ni Kiswahili fasaha kabisa. Lakini kina ukanushi mara mbili, na wa pili ni wa umbo tu, kwa vile *kabla* hudai *-ja-*. Kwa zana iharibuyo ningetaja mpangilio wa vitendo, tendo la kwanza likitangulia.

Jibu la zana nalo ni sehemu ya maelezo. Wakala akikosea kitambulisho kisha akajibiwa *limefutwa*, ataripoti kazi ambayo haikufanyika. Kiambishi *-me-* hutaja hali iliyopo, nayo kauli ya kutendwa humwacha mtenda bila kutajwa. Zana iitwapo mara ya pili kwa dokezo lile lile iseme kuwa halipo.

Maelezo yenyewe basi yangekuwa hivi:

*Zana hii hufuta dokezo moja, lenye kitambulisho kilichotolewa. Dokezo likishafutwa haliwezi kurejeshwa. Kwanza mwonyeshe mtumiaji kichwa cha dokezo. Akikubali, ndipo uite zana. Ombi likihusu madokezo mengi, omba idhini kwa kila dokezo. Kitambulisho kisipopatikana, zana itajibu: Dokezo halipo, hakuna kilichofutwa.*

Wanafunzi watauliza kwa nini sikuandika *kufuta kabisa*. Neno *kabisa* hudokeza kwamba kuna kufuta kusiko kabisa, na katika programu nyingi kweli kupo: dokezo hutupwa pipani, likasubiri. Zana ya namna hiyo ningeiita ya *kutupa*, nikaiandikia maelezo mengine.