Tiba ya Ulevi ni Haki ya Mlipa Bima

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa kanisa mjini Keroka, mbele ya waumini na wanaharakati kutoka Kisii na Nyamira.)



Nimeombwa nizungumze juu ya ulevi. Sikuja kuhubiri kwamba ulevi ni dhambi, maana kazi hiyo hufanywa kila Jumamosi na kila Jumapili na watu walioitwa kwayo. Nimekuja kuzungumza juu ya fedha, tena fedha zetu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kamati ya harambee ya kijana mmoja wa kijijini kwetu. Alikuwa fundi hodari, lakini chang'aa ilikuwa imemshika hata mikono ikamtetemeka kabla jua halijachomoza. Mama yake, muuza ndizi, aliomba tumsaidie kumpeleka mahali pa kutibiwa. Tulizunguka na daftari miezi minne. Tukapata gharama ya mwezi mmoja katika nyumba ya binafsi ya kurekebishia waraibu, ilhali tiba kamili ilikuwa ya miezi mitatu. Fedha zikaisha, kijana akarudishwa, naye akarudi kwenye chupa. Mwaka uliofuata tukachanga tena, mara hii kwa ajili ya jeneza. Mchango huo ulitimia kwa siku tatu.

Katika vikao vyote vile, hakuna hata mmoja wetu, nami nikiwamo, aliyeuliza kama jamaa ile ina bima.

Ndugu zangu, Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, ile NHIF tuliyoizoea, ilianzishwa mwaka wa 1966. Baada ya viwango vya michango kupandishwa mwaka wa 2015, tiba ya uraibu wa pombe na dawa za kulevya iliingizwa miongoni mwa mafao yake. Ni wangapi waliojua? Mwalimu na karani walikatwa mishahara kila mwezi, kisha watoto wao walipozama katika ulevi wakauza ng'ombe ili kulipia tiba. Tangu Oktoba 2024 mahali pa NHIF pameshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiyeajiriwa hupimwa uwezo wake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Huduma za afya ya akili, pamoja na tiba ya uraibu, zimo katika mafao hayo.

Wapo watakaosema: kwa nini fedha za wacha Mungu zimtibu mtu aliyejitakia? Hoja hii nimeisikia hata kutoka kwa wazee wa kanisa, wala siidharau. Lakini sheria ya nchi imekwisha kuijibu. Sheria ya Afya ya Akili, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2022, inamhesabu aliyethibitishwa na mtaalamu kuwa mraibu wa pombe miongoni mwa wagonjwa, na inakataza mgonjwa kubaguliwa katika bima. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, bila kuuliza ugonjwa ulianzia wapi. Mvuta sigara mwenye saratani hatumfukuzi wodini.

Tena kuna jambo ambalo ni lazima wachungaji walisikie. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akikatizwa pombe ghafla anaweza kupata kifafa, kuweweseka, na hata kufa katika siku chache za kwanza. Basi kumfungia chumbani kwa maombi na maji matupu, hata kama ni kwa upendo, ni hatari. Mwombeeni, lakini mwombeeni akiwa karibu na muuguzi.

Sasa tuseme ukweli kuhusu bima yenyewe. Asiyeajiriwa hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Hata kwa kiwango cha chini kabisa hizo ni shilingi 3,600, na mchuma chai hana fedha hizo mkononi mwezi wa Mei. Aliyejiandikisha bila kulipa huhudumiwa katika zahanati na kituo cha afya, lakini kulazwa hospitalini kunataka mchango uwe umelipwa. Na mlevi ndiye mtu wa mwisho kukumbuka kulipa! Kwa hiyo mama asimngoje baba. Ajiandikishe yeye, kwa simu yake, kwa nambari *147#, kisha amwandikishe mumewe kama tegemezi wake. Malipo ya bonasi ya chai yanapofika mwezi wa Oktoba, mchango huo na ulipwe kabla fedha hazijapita mbele ya mlango wa mama pima. Na makanisa yetu, ambayo hujaza kapu kwa siku tatu mtu akifa, yanaweza kulipia bima ya jamaa kumi maskini angali mtu yu hai.

Hata hivyo, kadi haiwezi kumlaza mtu mahali pasipo na kitanda. Bima hulipa pale tu penye kituo kilichosajiliwa na kuingia mkataba. Tangu mwaka wa 2013 hospitali zetu ziko chini ya kaunti, na kaunti hizo hizo ndizo zinazotoa leseni za baa. Kila mwaka ada za leseni hukusanywa Kisii na Nyamira. Sijasikia mheshimiwa yeyote jukwaani akitueleza ni kiasi gani cha ada hizo kinachorudi kumtibu mnywaji.

Makadirio ya bajeti hutakiwa yafikishwe mbele ya bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na sheria inataka wananchi washirikishwe. Nawaomba kila kanisa lililo hapa litume watu wawili kwenye mikutano hiyo, wakiwa na maswali haya yameandikwa: Hospitali ya rufaa ya kaunti yetu ina vitanda vingapi vya waraibu? Ni vituo gani katika kaunti hii vyenye mkataba na SHA kwa tiba hiyo? Wasiketi kabla ya kupewa majibu kwa maandishi.

Meza ya kuandikisha iko pale nje, chini ya mwembe. Yule mama muuza ndizi niliyemtaja ndiye anayeisimamia.