Babu Alitoka Kijiji Gani?

Katika kitabu cha Ezra, sura ya pili, tunasoma habari za watu waliorudi kutoka Babeli. Baadhi yao walikuwa wa ukoo wa makuhani, lakini walipotafuta majina yao katika orodha ya nasaba hawakuyaona, wakazuiwa ukuhani. Jina kukosekana kitabuni si jambo dogo.

Leo nataka tuwafikirie wengine watafutao hivyo hivyo, yaani wajukuu wa watu wa Ayalandi. Mwaka 1845 ugonjwa uliozesha viazi katika nchi ile, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Kufikia mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni wamepanda meli kwenda Amerika, Uingereza na kwingineko.

Mjukuu aliyeko Boston leo amerithi jina la babu na neno moja tu: Ayalandi. Neno hilo halitoshi, ndugu zangu. Nchi ile imegawanyika katika vitongoji zaidi ya 60,000, na akina Patrick Murphy wamejaa kila mahali. Asipojua kitongoji, hajui lolote.

Tena, vitabu vingi havipo. Tarehe 30 Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jumba la kumbukumbu mjini Dublin lililipuka na kuungua. Hesabu za watu za mwaka 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote, pamoja na zaidi ya nusu ya vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vya Kanisa la Anglikana la huko. Navyo vilipelekwa pale vikae salama! Parokia zilizobaki na vitabu vyao kwa sababu zilikuwa na mahali imara pa kuvitunza ndizo zinazovionyesha hata leo. (Karani wa kanisa unayenisikia, sanduku lako linafungwa?)

Kwa hiyo mtafutaji hana budi kuanzia kule babu alikofikia. Benki ya Emigrant, iliyoanzishwa New York mwaka 1850, iliandika mahali mteja alipozaliwa, wazazi wake, na hata meli iliyomleta. Wengi hawakujua kutia sahihi, basi karani aliwatambua kwa maswali hayo.

Na huko Boston gazeti la Pilot, tangu mwaka 1831 hadi 1921, lilipiga matangazo ya watu waliopoteana. Mke anamtafuta mume, dada anamtafuta kaka. Ili asichanganywe na mwingine, hutajwa wilaya, parokia, mara nyingine kitongoji chenyewe. Tangazo lililotolewa kwa machozi leo ndilo linalomwonyesha kitukuu njia.

Akishapata kitongoji, hufungua daftari la Griffith, lililopigwa chapa kati ya mwaka 1847 na 1864. Humo yameandikwa majina ya waliokaa katika mashamba na nyumba, pamoja na namba ya kiwanja kwenye ramani. Anaweza kwenda akasimama papo hapo. Mara nyingi jina la babu halimo, maana alikwisha kuondoka. Lililomo ni la ndugu yake aliyebaki.