Chumvi ya Gongoni na Mbuzi wa Bamba: Namna ya Kulinganisha Bei za Chakula Pwani



Nianze na chumvi. Ukivuka daraja la Sabaki ukashika njia ya Garsen, ukaipita Mambrui, utaingia Gongoni. Kuanzia hapo hadi Kurawa na Marereni kuna mabwawa ya maji ya bahari yaliyoachiwa jua. Sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya inatoka katika ukanda huo. Huvunwa, huoshwa, hutiwa aidini, hufungwa pakitini na kupakiwa malorini kwenda Nairobi, Kisumu na Busia. Ingia dukani Gongoni uulize bei ya pakiti moja, kisha mpigie simu ndugu yako aliye Kisumu aulize bei ya pakiti ileile. Mtakuta tofauti ndogo mno, na pengine msiikute kabisa.

Sasa geuza safari. Mahindi mengi ya kununua yanayoliwa huku kwetu yanatoka Trans Nzoia na Uasin Gishu. Kutoka Kitale hadi Malindi ni karibu kilomita 1,000: Nairobi, Mombasa, kisha kilomita 120 hivi za pwani. Mahindi hayo yakifika, safari yote imo ndani ya bei. Mama wa Ganze, bara ya Kilifi, anayepika sima jioni analipia dizeli ya lori, kodi ya ghala, mkono wa dalali wa kijijini, wa mjini na wa sokoni, na mwisho bodaboda iliyobeba gunia kutoka barabara kuu hadi dukani kwao.

Kwa nini chumvi isafiri bila kupanda bei, na mahindi yapande? Chumvi hutengenezwa na viwanda vichache vinavyouza nchi nzima. Gharama ya usafiri hutandazwa juu ya pakiti zote, hivyo mtu wa Gongoni anayeishi kando ya kiwanda humlipia nauli mtu wa Busia bila kujua. Mahindi hayana mwenyewe mmoja. Yanapita mikono mingi, na kila mkono hudai chake palepale. Ndiyo sababu nasema kwamba umbali peke yake hauelezi bei. Bei huelezwa na nani anayebeba, kwa kipimo gani, na mnunuzi ana uwezo wa kununua kiasi gani kwa mara moja. Na tarakimu tunazotumia kulinganisha sehemu na sehemu bado hazijawafikia watu wanaolipa zaidi kuliko wote.

Pwani haikutegemea chakula cha mbali siku zote. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, baada ya Sultani Majid wa Unguja kuufufua mji katika miaka ya 1860, Malindi ilijulikana kwa nafaka. Mtama na ufuta wa mashamba yake ulipakiwa majahazini kwenda Arabuni. Nafaka hiyo ililimwa kwa jasho la watumwa, na hatuna haki ya kuutaja wingi wake bila kuwataja wao. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria katika ukanda huu mwaka 1907, mashamba yale yaliporomoka. Lakini Wagiriama walikuwa wakilima kwa hiari yao ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki na kuuza ziada yao Malindi. Mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwahimiza watu wakatae kazi ya kulazimishwa na kodi, serikali ya Kiingereza iliamuru Wagiriama wahame ng'ambo ile. Walifukuzwa kutoka katika ardhi iliyokuwa ikiwalisha wao na mji pia. Walirejea baadaye, lakini jeraha lilikwisha kuingia. Nchi iliyouza chakula ikawa nchi ya kununua chakula. Anayetaka kujua kwa nini unga ni ghali Magarini, ng'ambo ile ya Sabaki, asianze na bei ya dizeli. Aanze na mwaka 1914.

Tukija kwenye bei za leo, jambo la kwanza linalotupoteza ni kipimo. Shirika la Taifa la Takwimu hukusanya bei kila mwezi na kutangaza mfumuko wa bei. Katika kapu lake la sasa, ambalo msingi wake ni Februari 2019, chakula na vinywaji visivyo na kileo vimepewa uzito wa asilimia 32.91. Bei hukusanywa katika kanda 50: 14 za Nairobi na 36 katika miji mingine. Ni kazi ya maana, na wanaoifanya wanastahili heshima. Lakini tazameni inapoishia. Inaishia mjini. Kijiji cha ndani ya Ganze hakimo, na wastani wa taifa unapotangazwa, mtu wa kijiji hicho hawezi kujiona ndani yake.

Ule uzito wa asilimia 32.91 pia ni wa wastani. Mwaka 1857, Ernst Engel wa Ujerumani alizichambua bajeti za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji akaona kwamba kadiri jamaa inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu ya mapato inayokwenda kwenye chakula inavyokuwa kubwa. Hakuna aliyemkanusha tangu hapo. Kwa hiyo unga ukipanda kwa kiwango kilekile Nyali, mtaa wa wenye nacho Mombasa, na Bamba, huko Ganze, pigo la Bamba ni zito zaidi, hata kama jedwali linaonyesha tarakimu moja.

Tena Bamba hainunui kwa pakiti kubwa. Inanunua kwa kupima. Nichukue tarakimu za mfano tu ili hesabu ionekane. Tuseme lita moja ya mafuta ya kupikia ni shilingi 320, na robo lita ya kupimiwa ni shilingi 90. Mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi hununua lita nzima kwa 320. Mwenye kibarua cha kutwa hununua robo leo, robo keshokutwa, na akimaliza lita amelipa 360. Mafuta ni yaleyale, kutoka pipa lilelile. Shilingi 40 zile ni gharama ya kukosa pesa mkononi, na hakuna jedwali la taifa linaloziandika. Simlaumu mwenye duka: yeye naye anakaa na mali muda mrefu, anamwagikiwa, anakopesha. Ninachosema ni kwamba tukilinganisha bei ya lita ya Mombasa na bei ya lita ya Bamba tutakuwa tumelinganisha vitu ambavyo mmoja kati ya hawa wawili hanunui kamwe.

Vivyo hivyo kwa magunia. Viazi na vitunguu vinavyoshuka Kongowea, soko kubwa la Mombasa, mara nyingi huja katika lumbesa, gunia lililoshonewa wavu juu hadi likawa karibu gunia na nusu. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Nendeni Kongowea mkaangalie kama kanuni hiyo imefika. Mwanafunzi akija kwangu na jedwali linaloonyesha kwamba viazi ni rahisi Kongowea kuliko Nyandarua vinakolimwa, swali langu la kwanza ni moja: ulipima? Wazee wetu walikuwa na kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili kisaga, visaga viwili pishi. Muuzaji na mnunuzi wote walivijua vipimo hivyo. Lumbesa inajulikana na mnunuzi wa jumla peke yake, na mkulima ndiye anayepunjwa.

Jambo la pili ni njia na misimu. Kwa vyakula vinavyotoka ng'ambo ya bahari, Pwani ina bahati. Mchele wa Pakistani na mafuta ya mawese ghafi hushukia Mombasa kabla ya kufika kwingine kokote Kenya. Ndipo mchele ukawa chakula cha kila siku katika miji yetu, wakati pishori ya Mwea hutufikia baada ya safari ndefu. Kwa nyanya na kabichi tunategemea Taita Taveta na Loitokitok, na kwa machungwa na vitunguu mara nyingi tunawategemea wenzetu wa Tanzania. Kisha barabara ikikatika, hesabu zote hufutika. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoikata njia pale Mbogolo, kati ya Kilifi na Malindi, soko la Malindi lilijikuta upande mmoja na Kongowea upande mwingine. Katika siku za namna hiyo, kulinganisha Malindi na Mombasa ni kulinganisha masoko ambayo hayana njia ya kufikiana.

Samaki ana kalenda yake. Kusi likivuma, tangu Aprili hadi Septemba, vyombo vidogo havithubutu kutoka nje ya miamba, na changu na tafi huadimika. Kaskazi likirudi, bahari hutulia na samaki hujaa, lakini ndio msimu wa wageni pia, na hoteli za Malindi na Watamu hununua nguru, jodari na kamba kabla ya mama karanga, mkaangaji wa samaki, kufika ufukweni na ndoo yake. Kwa hiyo mtu wa kawaida wa Malindi anaweza kukosa samaki katika misimu yote miwili, kwa sababu mbili tofauti. Nimewasikia watu wakishangaa kwamba omena wa Ziwa Victoria anauzwa sokoni hatua chache kutoka baharini. Omena ni mkavu, hukaa, hupimwa kidogokidogo. Anamfaa mnunuzi wa kutwa kuliko kolekole wa kilo tatu anayetaka barafu.

Hapa kuna somo kutoka mbali lenye manufaa kwetu. Katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, simu za mkononi zilianza kuwafikia wavuvi mwaka 1997. Kabla yake, mvuvi aliingia pwani ya kwao bila kujua kwamba soko la jirani halina samaki, na siku nyingine alitupa samaki wake kwa kukosa mnunuzi. Mwanauchumi Robert Jensen alizifuatilia bei hizo na kuchapisha matokeo mwaka 2007: simu zilipofika, bei za masoko zilikaribiana, samaki wa kutupwa wakaisha, mapato ya mvuvi yakaongezeka na mlaji akalipa kidogo. Sisi simu tunazo tangu zamani. Kinachopungua ni barafu, na uhuru wa kuuza popote, kwa sababu wavuvi wengi wamekwisha kukopeshwa nyavu na mafuta na matajiri wao, na deni ndilo linalowaambia waende kwa nani. Habari ya bei haimsaidii mtu aliyefungwa na deni.

Kulinganisha bei si jambo geni kwa Kenya. Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipoanzisha mradi wa kulinganisha bei za dunia mwishoni mwa miaka ya 1960, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi kumi za mwanzo, pamoja na Japani, Ufaransa, India na Marekani. Hadi leo, tukisikia kwamba Kenya ina mapato ya kiasi fulani kwa kulinganisha na nchi nyingine, hesabu hiyo imejengwa juu ya kazi ya kuuliza unga, nyama na maziwa vinauzwaje. Tumekuwemo katika kuilinganisha dunia kwa zaidi ya miaka 50. Ganze na Nyali bado hatujazilinganisha.

Au niseme kwa haki: yupo anayejaribu. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa ya kila mwezi ya Kilifi, na ndani yake kuna kipimo ambacho mimi nakiamini kuliko vyote: mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za mahindi. Kila mfugaji wa Bamba anakijua bila kusoma taarifa. Chukueni tena tarakimu za mfano. Mbuzi ni shilingi 4,000, mahindi ni shilingi 40 kwa kilo. Mbuzi mmoja ni kilo 100. Ukame ukija, malisho yanakauka, mbuzi anakonda na kila mtu anauza. Bei inashuka hadi 2,000. Wakati huohuo mavuno yamekosekana, na mahindi yamefika shilingi 80. Mbuzi yule sasa ni kilo 25. Mahindi yamepanda mara mbili tu, na hilo ndilo litakalotangazwa. Lakini kwa mfugaji, sima imepanda mara nne. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, hiyo ndiyo hesabu iliyofanywa mnadani Bamba.

Ndiyo maana siamini bei moja ya amri. Mwaka 2017 serikali iliweka pakiti ya kilo mbili ya unga kwa shilingi 90, na Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, ikaweka shilingi 100. Kwenye karatasi bei ilikuwa moja kutoka Turkana hadi Lamu. Dukani, watu wengi walikuta rafu tupu. Fedha za umma zilizofidia bei hiyo zilifuata njia ya kiwanda na duka kubwa la mjini, na yule anayepimiwa unga kwa kopo hakuguswa.

Ombi langu kwa serikali ya kaunti na kwa chuo chetu ni dogo na linawezekana mwaka huu. Tuchague masoko saba, moja kwa kila eneo bunge la Kilifi: Malindi, Magarini, Ganze, Kaloleni, Rabai, Kilifi Kaskazini na Kilifi Kusini. Kila wiki, siku ya soko, mwanafunzi aende na mizani. Anunue kama watu wanavyonunua: kopo la unga, robo ya mafuta, fungu la nyanya, nazi, omena, na pakiti ya chumvi ili tuwe na kitu kisichobadilika cha kulinganishia. Apime kila kitu kwa gramu. Kando ya bei aandike ujira wa kutwa wa kibarua wa hapo, na palipo na mnada, bei ya mbuzi. Taarifa isomwe redioni kwa Kigiriama na kwa Kiswahili, na ibandikwe ubaoni sokoni, mahali ambapo mama anayeuza na mama anayenunua wote wataisoma kabla ya kuanza kupatana.