Bomu la Mkono na Kalamu ya Karani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Kilosa na Mikumi)



Nimeombwa niseme habari za silaha moja ndogo, nayo ni bomu la mkono. Yamkini wako watakaouliza: Sisi makarani tuna shauri gani na mabomu? Hayo si mambo ya askari? Nawasihi mnivumilie, maana nakusudia kuonyesha ya kuwa bomu hili lina walinzi wawili. Wa kwanza ni mkono wa askari aliyefunzwa vema, na wa pili ni kalamu ya karani anayelihesabu. Mmoja wao akisinzia, wasio na hatia huumia.

Vita si habari ngeni katika wilaya yetu. Mji huu wa Kilosa ulitwaliwa na majeshi ya Waingereza, chini ya Jemadari van Deventer, tarehe 22 Agosti 1916. Mwezi uliofuata majeshi hayo yakaelekea kusini hata yakafika Kidodi, mbele ya Mikumi. Ilikuwa katika vita ile ile kuu, hasa katika mahandaki ya Ufaransa, ndipo bomu la mkono lilipopata umbo ambalo ulimwengu umelizoea.

Vita ilipoanza mwaka 1914, Waingereza walikuwa na bomu la mwaka 1908, lenye mpini mrefu kama bakora. Lilifanywa lilipuke mara tu linapogonga kitu. Basi fikirini hali ya askari aliyesimama katika handaki jembamba: alipovuta mkono nyuma ili atupe, bomu liliweza kugonga ukuta wa udongo nyuma yake, likamwua yeye na wenziwe. Tena mabomu yenyewe yalikuwa haba. Kwa hiyo askari walijitengenezea yao: mkebe wa jamu ulijazwa baruti na vipande vya chuma, ukatiwa utambi, na utambi ukawashwa kwa moto. Mvua iliponyesha, utambi haukushika. Na ulipokuwa mfupi mno, mwenye kutupa hakusalimika.

Mwaka 1915 Bwana William Mills wa mji wa Birmingham alileta bomu lililoondoa nyingi katika taabu hizo. Nitaeleza lilivyofanya kazi. Ndani yake mlikuwa na kinyundo kilichobanwa na springi. Kinyundo kilizuiwa na wenzo wa chuma uliolala ubavuni mwa bomu, na wenzo ulizuiwa na pini. Askari alishika bomu na wenzo pamoja, kisha akang'oa pini. Maadamu mkono wake umekaza wenzo, bomu halikuwaka. Alipolitupa, wenzo uliruka, kinyundo kikapiga fataki, utambi ukaanza kuungua ndani, na baada ya sekunde chache bomu likalipuka.

Mwaka 1918 ikatokea namba 36. Aina moja ya namba hiyo ilipakwa vanishi ya kuzuia unyevu, ikaitwa 36M, na herufi ile ilisimama kwa Mesopotamia, nchi ya joto kali. Mwaka 1940, katika vita ya pili, ilionekana ya kuwa sekunde 7 za utambi ni nyingi mno; adui alipata nafasi ya kukimbia, au hata ya kuliokota bomu na kulirudisha. Zikapunguzwa zikawa 4. Ndugu zetu wa Keya waliokwenda Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita bonde la Kabaw katika mvua za masika mpaka Kalewa, walikuwa katika jeshi lililotumia silaha hiyo.

Sasa tutazame mafunzo. Askari mpya hakupewa bomu la kweli siku ya kwanza. Alianza na bomu bandia, akajizoeza mara nyingi kushika, kung'oa, kutupa kwa mkono ulionyooka, na kuinama. Ndipo alipoingia katika shimo la kutupia, yeye na mwalimu wake tu. Bomu lile lilikuwa na uzito wa karibu gramu 765, wala halikutupwa mbali sana. Lakini vipande vyake viliweza kuruka mbali kuliko nguvu za mkono uliolitupa. Kwa hiyo sharti lilikuwa moja: ukiisha kutupa, jifiche. Na bomu lisipolipuka, mtu yeyote asilikaribie, ila fundi aliyewekwa kwa kazi hiyo.

Mabomu ya baadaye yamefuata njia ile ile. Bomu la Marekani liitwalo M67, lililoanza kutumika mwaka 1968, lina uzito wa gramu 400 hivi, nalo lina kibanio cha usalama juu ya wenzo, mbali na pini. Mkitazama vema mtaona ya kuwa sehemu kubwa ya maendeleo hayo ni ya kumlinda yule anayelitupa. Lakini hakuna fundi aliyeweza kutengeneza bomu linalomtambua mtoto.

Hapa ndipo inapoingia kazi yetu. Mabomu ya Mills yaliwekwa 12 katika sanduku la mbao, na viwashio vyake vikawekwa mbali katika mkebe wake, ndani ya sanduku hilo hilo. Mtu alipaswa kuvihesabu vyote: vilivyopokewa, vilivyotolewa, vilivyotupwa, visivyolipuka, na vilivyorudi. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na bomu lililopotea bila habari halipotei kweli, hungoja tu.

Tarehe 8 Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, bomu la mkono lililipuka. Liliokotwa na mwanafunzi aliyedhani ni chuma chakavu. Watoto watano walikufa, na wengine zaidi ya arobaini wakajeruhiwa. Mabwana, watoto wale hawakuwa vitani. Mahali fulani, siku fulani, bomu lile lilitoka katika hesabu ya mtu, wala hakuna aliyelifuata.

Husemwa ajali haina kinga. Nakubali kwa radi; sikubali kwa kitu kilichotengenezwa kwa mikono na kutolewa bohari kwa sahihi. Kwa hiyo natoa maombi mawili. La kwanza: yeyote kati yetu anayeshika daftari la bohari, iwe la risasi, la dawa au la baruti ya kupasulia mawe, asitie sahihi yake juu ya hesabu ambayo hakuiona kwa macho. La pili: tuwafundishe watoto wetu, na wanunuzi wa chuma chakavu, maneno matatu: Usiguse, weka alama, toa habari polisi.

Askari hupewa sekunde 4 za kujificha. Karani hupewa siku nzima, na wino wa kutosha. Hatuna udhuru.