Rangi Mpya Si Uzima wa Mashine



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linalowashughulisha wengi wetu wenye mashamba, nalo ni ununuzi wa mashine ndogo ya kuchimbia iliyokwisha kutumika, ile ambayo mitaani huitwa kijiko. Manufaa yake ni makubwa. Huchimba mifereji na mabwawa ya samaki, na hung'oa visiki ambavyo jembe na shoka huvihangaikia kwa siku nyingi. Lakini fedha ya kuinunulia ni akiba ya miaka, na mara nyingine ni kiinua mgongo chote cha mtu. Ikipotea, hairudi. Kwa hiyo yatupasa tununue kwa akili, wala si kwa macho tu.

Jambo la kwanza kuliuliza ni kazi, si bei. Mashine ya tani 1.5 huchimba kina cha mita 2 na ushei, na hupita penye nafasi finyu. Ya tani 3 hufika karibu mita 3, nayo hufaa zaidi kwa mabwawa na visiki. Mwenye kazi ya siku chache kwa mwaka na akodi; hana sababu ya kununua chuma kije kulala chini ya mwembe.

Jambo la pili ni umri wake wa kweli. Mashine hizi huwa na mita inayohesabu saa za kazi, lakini mita huharibika, na wapo wanaoibadilisha. Mashine inayofanya kazi saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hutimiza saa 2,000 kila mwaka. Basi ukiambiwa kuwa mashine ya miaka 15 imefanya saa 1,800 tu, yaani saa 120 kwa mwaka, uliza ilikuwa wapi na ikifanya nini. Tazama kiti, vikanyagio na mikono ya kuendeshea. Vikiwa vimelika sana, usiiamini mita hiyo.

Jambo la tatu ni afya yake. Fika asubuhi, uguse injini kabla haijawashwa. Ukiikuta ina moto, huenda muuzaji anaficha ugumu wa kuiwasha. Ikiwaka, tazama moshi: wa buluu ni dalili ya injini kula oili, mweusi mzito ni dalili ya dizeli isiyoungua vizuri. Kisha weka ndoo yake chini, uinyanyue na kuishusha kidogo kidogo huku ukitazama pini na bushi. Mwanya unaoonekana kwa jicho ni gharama inayokungoja. Zungusha mwili wake wote. Ukisikia mlio wa kusaga kwenye duara la kuzungukia, ondoka. Iendeshe mbele, ikivuta upande mmoja, huenda mota ya upande huo imechoka. Mikanda yake ya mpira isiwe na nyufa zinazoonyesha nyuzi za chuma, na fimbo za silinda ziwe laini na kavu. Majaribio haya yachukue saa nzima, kwa maana pampu iliyochoka huweza kusukuma vizuri oili ikiwa baridi, ikalegea oili ikipata moto.

Juu ya yote, jihadharini na rangi mpya. Rangi hufunika ufa, na hufunika mahali palipochomelewa. Wahenga walikwisha sema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Halafu kuna vipuri. Mashine nyingi za namna hii hutoka Japani, nazo baadhi zilitengenezwa kwa soko la huko huko, hata namba za vipuri vyake zaweza kutofautiana na za zile zilizouzwa nje. Kabla ya kulipa, chukua namba ya mashine uende nayo kwa muuza vipuri, uulize chujio, bushi na mkanda. Wazee waliomo humu wanakumbuka jinsi matrekta mengi nchini yalivyosimama katika miaka ya 1970 na 1980 kwa kukosa vipuri.

Wapo watakaodai kuwa kumlipa fundi aikague mashine ni kupoteza fedha, na kwamba picha nzuri na maneno ya muuzaji vyatosha. Hao nawauliza: ni mwalimu gani kati yetu ampaye mwanafunzi cheti kwa sababu sare yake ni safi? Mwanafunzi hupewa mtihani kwanza. Nasi tuipe mashine mtihani, fundi asiye wa muuzaji asahihishe, na fedha zitoke baada ya matokeo.