Kuta zetu zisiwe bubu

(Haya ni mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni.)

Wiki iliyopita nilikuwa Geita mjini, kata ya Kalangalala, nyumbani kwa kijana mmoja ambaye ni mtoto wa rafiki yangu. Kijana huyo Mungu amemjalia. Anauza vipuri vya makarasha, yaani zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na sasa anamalizia nyumba ya vyumba vinne. Bati limepigwa, lipu imekauka, kilichobaki ni rangi.

Akatoa simu yake akanionyesha picha. "Baba mdogo, nataka nyumba yangu iwe hivi." Ilikuwa nyumba ya mbao, nyekundu, yenye madirisha meupe. Ndani, milango na makabati yamechorwa maua ya kujikunja, majogoo na farasi, utadhani mtu ameingia ndani ya kitabu cha hadithi za watoto. Ni nyumba ya Uswidi. Kijana alikuwa amekwisha kumwita fundi anayechora mabango ya saluni, amnakilie maua yale sebuleni.

Mama yake mzazi, aliyehamia hapo kutoka kijijini, alikuwa barazani akichambua maharage. Akaitazama ile picha, akauliza swali moja tu: "Mwanangu, hayo maua ni ya kwa nani?"

Kijana alicheka. Mimi sikucheka, na swali hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

Kwanza tuwatendee haki Waswidi. Watu wa Kanda ya Ziwa wenye umri wangu tunawakumbuka kwa visima vya mradi wa HESAWA, ambao nchi yao iliufadhili kuanzia miaka ya 1980 katika mikoa ya Mwanza, Mara na Kagera, wakati Geita ingali wilaya ya Mwanza. Lakini kabla ya kuwa nchi ya kutoa misaada, Uswidi nayo ilikuwa nchi ya wakulima wenye dhiki. Katika jimbo la Dalarna, tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi karne ya 19, walikuwako wakulima wachoraji waliotembea kijiji kwa kijiji wakipamba nyumba za watu. Walichora hadithi za Biblia. Lakini angalieni walivyozichora: wafalme na manabii wamevaa makoti na kofia za Dalarna, kana kwamba mambo yale yote yalitokea ng'ambo ya mto wao.

Na lile ua kubwa la kujikunja alilolipenda kijana wangu, Waswidi huliita kurbits. Asili ya jina hilo ni neno la Kilatini la mimea ya jamii ya maboga na mamung'unye. Wao hulihusisha na mmea uliomfunika nabii Yona kwa kivuli, ambao Biblia yetu ya Kiswahili iliuita mtango. Kwa hiyo ua lile la Ulaya ni ndugu wa kibuyu alichokitundika jikoni mama yake!

Hata ile rangi nyekundu ina historia inayotuhusu. Inatoka Falun, mji wa machimbo kama Geita. Mgodi wake wa shaba ulichimbwa kwa karne nyingi hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1992. Kutokana na mabaki ya mgodi yenye kutu ya chuma, wenyeji walipata unga mwekundu, wakauchemsha na maji, unga wa nafaka na mafuta ya kitani, wakapaka nyumba zao. Hapa natoa tahadhari: asitokee mtu akasikia habari hii akaenda kuchota marudio ya dhahabu apake chumbani kwa watoto. Marudio yetu yana zebaki, na mengine yamepitia sayanaidi. Hiyo ni sumu.

Sasa sikilizeni kisa cha nyumba iliyoufanya mtindo huu ujulikane duniani. Karibu na Falun kuna kijiji kiitwacho Sundborn. Mwaka 1888 mchoraji Carl Larsson na mkewe Karin walipewa nyumba ndogo huko na baba yake Karin. Mume akachora jamaa zake kwenye milango. Mke akafuma vitambaa na kubuni samani. Mwaka 1899 Larsson akatoa kitabu cha picha za nyumba hiyo, na watu wa mbali wakaanza kuiga. Lakini Larsson mwenyewe hakuitoa nyumba yake kitabuni. Nyumba ilitangulia, kitabu kikafuata. Alichora waliokuwa wakilala humo.

Msikilizaji ataniuliza: je, sisi wa huku tuna nini cha kuchora? Tunacho. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyekuwa mtumishi wa serikali wakati wa Mwingereza, alitoa kitabu huko London mwaka 1953 kuhusu michoro ya ukutani ya Bayeye, chama cha wacheza nyoka. Kuta za nyumba walimofundishia wanachama wapya zilichorwa nyoka, watu na viumbe wa hadithi, na mwanafunzi alifundishwa maana ya kila picha. Ukuta ule ulikuwa ubao na kitabu kwa pamoja. Na ukienda Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement, utakuta jengo la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Nyumba yenyewe inazungumza kabla hujaingia.

Sisemi mtu achore nyoka wa Bayeye sebuleni. Zile zilikuwa picha za chama, zenye miiko yake. Tena katika kanda yetu, ambako vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, picha ya nyoka juu ya kiti cha bibi inaweza kuleta maneno mabaya. Chagua hadithi ya watoto. Mathalani ile ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao, akabaki mama mmoja mjamzito. Huyo akamzaa Masala Kulangwa, mtoto mwerevu, ambaye alipokua aliliua zimwi, akalipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Katika mji ambao watu wengi wanamjua mtu aliyemezwa na duara na hakutoka, hadithi hiyo si ya kuchekesha watoto tu.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Ukuta mmoja unatosha, kwa hadithi moja na picha nne au tano zinazofuatana. Rangi tatu zinatosha: nyeupe, nyekundu ya udongo na nyeusi. Pembeni weka pindo la mmea wa kibuyu na majani yake. Sehemu ya chini, wanakofikia watoto kwa mikono yao, ipakwe rangi ya mafuta ili ifutike. Na fundi alipwe vizuri, aandike jina lake pembeni.

Wapo watakaosema huo ni ushamba, nyumba ya kisasa ni kuta nyeupe na vigae. Ukuta mweupe si kosa. Lakini wajukuu wa yule mama wanalijua kila zimwi la katuni za kwenye simu, na Shing'weng'we hawajapata kumsikia, ilhali anayemjua analala chumba cha pili. Akiondoka leo, ataondoka naye.

Tulizungumza na kijana hadi usiku. Mwishowe akakubali nusu. Nje abaki na wekundu wake wa Uswidi, kwa kuwa ameupenda na fedha ni zake. Ukuta wa sebuleni akampa mama yake.

Asubuhi ya kuondoka kwangu nilimkuta fundi amekwisha kuchora kwa penseli, na mama amevuta kigoda karibu. "Huyo mwanamke umemkalisha nje," alikuwa akimwambia. "Alijificha ndani ya pumba. Futa." Fundi akafuta. Mjukuu mmoja aliyekuwa mlangoni na simu mkononi akauliza, "Bibi, zimwi lilimmeza nani kwanza?"

Sikungoja jibu, basi lilikuwa linaondoka.